Vitabu vya Mambo ya Kale: Vipi Vifaavyo Kusomwa?

Mara nyingi tumeulizwa na vijana, na hata na watu wazima wapendao kukaa jioni na kitabu karibu na taa, ni vitabu gani vya mambo ya kale vinavyofaa kununuliwa. Swali hili ni jema, na jibu lake si jepesi, kwa kuwa kitabu hakiwi chema kwa sababu tu ya kutaja mikuki na wafalme. Leo twataka kuvipima vitabu vichache tuvijuavyo, tukisema wema wake na kasoro zake pasipo kumpendelea mtu.

Kwanza twakiri kosa letu. Mwaka uliopita, katika darasa moja hapa Kilosa, tulimwona kijana akichora katika daftari lake la hesabu. Alichora askari wa Japani wa zamani, mwenye panga mbili kiunoni na nywele zilizofungwa utosini. Tulimnyang'anya daftari lile tukamkaripia. Masomo yalipokwisha alikuja kuliomba kwa adabu, nasi tukamwuliza kwa nini asichore mtu wa kwetu. Akajibu, "Mwalimu, huku kwetu hakukuwa na vita vya namna hii."

Neno hili lilituchoma, maana kijana yule huenda shuleni kila siku katika nchi ile ile ambayo Wahehe wa Mkwawa waliishukia mwezi wa Oktoba 1892, wakaivamia ngome ya Wadachi pale Kondoa ya Usagara, jirani na Kilosa, wakawaua walinzi wake. (Msomaji asiichanganye na Kondoa ya Irangi.) Kwao ndiko ilikopita njia ya misafara kutoka pwani, ikifuata bonde la mto Mkondoa kwenda Mpwapwa na Unyamwezi. Tena vita vya Maji Maji, vilivyoanza Umatumbi mwezi wa Julai 1905, vilifika hata kwa Wavidunda na pande za Kilosa. Kijana alisema alivyojua. Sisi tuliomfundisha hatukuwa tumempa kitabu hata kimoja cha kumwambia vingine. Basi nani aliyestahili kukaripiwa?

Ili tutende haki, tulimwomba atuonyeshe hadithi hiyo aliyoipenda, naye akatuonyesha katika simu ya kaka yake. Ni hadithi ya picha, ambayo Wajapani huiita manga, na husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Jina lake ni Vagabond, na mchoraji wake ni Takehiko Inoue, aliyeianza mwaka 1998 akifuata kitabu cha Eiji Yoshikawa kilichotolewa katika gazeti la Japani miaka ya 1935 hadi 1939. Habari zake ni za Miyamoto Musashi, bingwa wa upanga aliyekufa mwaka 1645. Tulitazamia kuona majigambo matupu, lakini sivyo. Hadithi huanza baada ya vita vikubwa vya mwaka 1600, na vijana wawili wamelala kati ya maiti, nao ni wa upande ulioshindwa. Mwenye kusoma hupewa kwanza baridi, njaa, na hofu ya mtu asiyejua aende wapi, ndipo baadaye apewe ushujaa. Twasema wazi kwamba picha nyingine zina damu nyingi na mambo yasiyowafaa watoto. Lakini tulitambua kwa nini kijana ameshikwa: mtu yule wa kale alikuwa mtu kweli kweli machoni pake.

Hapo tukapata kipimo cha kupimia vitabu vyetu. Kitabu chema cha mambo ya kale hutuingiza ndani ya nyumba za watu, tukajua walikula nini, walilipaje mahari, waliogopa nini usiku. Pili, humpa nafasi aliyeshindwa naye aseme. Tatu, mwandishi hatudanganyi. Akibuni, hutuarifu kwamba amebuni. Basi na tuvitazame vitabu vyetu kwa kipimo hiki.

Cha kwanza ni Habari za Wakilindi, kilichoandikwa na Abdallah bin Hemedi al-Ajjemy, mtu aliyeishi miaka mingi karibu na wakuu wa Usambara. Kilipigwa chapa na misheni ya Magila kwa sehemu sehemu, kati ya 1895 na 1907, kisha kikatolewa tena mwaka 1962. Sisi wa Kilosa yatupasa kukipenda, kwa kuwa mwanzo wake ni Nguu, milima ya jirani zetu. Mbegha alizaliwa huko, akaota meno ya juu kwanza, akahesabiwa kuwa kigego aletaye balaa. Ndugu zake wakamnyima urithi, akakimbilia Kilindi. Huko nako mtoto wa mkuu akauawa na nguruwe walipokuwa wakiwinda pamoja, Mbegha akakimbia tena, yeye na mbwa wake, hata akafika Usambara. Akawaua nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakamfanya mkuu wao. Ni habari ya mtu aliyekataliwa kwao akawa kichwa cha nchi ngeni, nayo imesimuliwa kwa Kiswahili kizuri, chepesi kama cha mzee barazani. Kasoro yake ni mbili. Mbele kidogo huja vita vya wana wa Kimweri, na majina huwa mengi hata msomaji hupotea. Yafaa ayaandike katika karatasi anaposoma. Tena mwandishi mwenyewe alikuwa na watu wake katika ugomvi ule, kwa hiyo asisomwe kama hakimu, bali kama shahidi.

Cha pili ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichopigwa chapa mwaka 1934. Hiki wengi wa wazee wetu walikisoma shuleni. Mwandishi alikuwa mwana wa mtumwa aliyeokolewa baharini na manowari ya Waingereza, naye hutuhadithia habari za wazee wake: jinsi walivyokamatwa, jinsi walivyosafirishwa, na jinsi walivyopewa makao Freretown karibu na Mombasa, mji ulioanzishwa na misheni mwaka 1875. Kurasa za safari husomwa kwa machozi, na hatukatai kwamba kitabu hiki ni hazina, kwa kuwa ni wachache walioandika mambo haya kwa lugha yetu.

Lakini hatuwezi kukisifu chote. Katika kitabu hiki Mwingereza ni mwema daima na Mwarabu ni mbaya daima, na mtumwa mwenyewe hungoja tu kuokolewa. Je, watumwa hawakusema neno wao kwa wao? Hawakutoroka? Hawakupanga shauri lolote usiku? Tena haisemwi vya kutosha kwamba hata mwaka 1807 Waingereza wenyewe walikuwa miongoni mwa wafanya biashara wakubwa wa watumwa katika bahari ya Atlantiki. Shukrani ya mwana kwa waliomwokoa babaye ni jambo la heshima, nasi hatumlaumu kwa kushukuru. Ila shukrani ikizidi huifunika kweli. Sisi tuliolelewa na misheni yatupasa kulisema hili pasipo hofu, maana mtu hawi mkosefu wa adabu kwa kuongeza sehemu ya habari iliyoachwa.

Cha tatu ndicho tukipendacho kuliko vyote. Ni kile kinene cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kiitwacho Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi, mwanafunzi wa misheni ya Kikatoliki, alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa wa kukipiga chapa. Hakukata tamaa, baadaye akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nacho kikatolewa Dar es Salaam mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki dunia. Tafakarini, ndugu wasomaji: miaka 35 mtu akingojea kitabu chake!

Katika kitabu hiki hamna mfalme mkubwa wala vita vya kutikisa nchi. Mna mume na mke wapendanao ambao hawajapata mtoto. Ndugu za mume wanamsimanga mke, wazazi wake wanakasirika na kumchukua, na mume anaachwa na nyumba baridi na chungu kisichopikwa. Aende kumwomba mkewe kwa wakwe zake, atozwe pombe ya ndizi, na hapo mwandishi anatuonyesha yote: ndizi zinavyoivishwa, zinavyokamuliwa, majirani wanavyoitana na kusaidiana. Wengine hulalamika kwamba maelezo ni marefu mno. Sisi twasema urefu huo ndio wema wake, kwa kuwa kazi hizo mjukuu wetu hatazikuta tena mahali pengine. Mwandishi alitaka vijana wasipoteze mila na lugha ya kwao, na ahadi hiyo ameitimiza.

Twajua swali ambalo baadhi ya wasomaji wetu watauliza: je, kitabu chenye waganga, ramli na matambiko kinamfaa Mkristo? Tulilifikiri sana kabla ya kuandika. Kueleza si kuabudu. Kitereza hakuwadhihaki wazee wake kwa kuyatafuta yale, wala hakutuita tuyarudie. Alituonyesha watu waliokuwa na huzuni, wakitafuta msaada kwa njia walizozijua. Mwenye kusoma hivyo hujifunza huruma. Atakayeyafumba macho asiyaone ya babu zake hatajua hata yeye mwenyewe ametoka wapi.

Cha nne ni mchezo wa kuigiza, Kinjeketile, wa Ebrahim Hussein, uliotolewa mwaka 1969. Habari zake ni za mtu wa Ngarambe aliyewapa watu maji ya kuzuia risasi. Mwandishi anatuarifu tangu mwanzo kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia kwa kila jambo, na kwa ukweli huu twamheshimu. Katika mchezo huu Kinjeketile anataka makabila yaungane kwanza, lakini neno alilolitoa linamponyoka na kwenda mbele yake. Mwishoni anatakiwa alikane, naye hataki, maana akilikana, wenye kuonea watasema kwamba na haki ya watu ilikuwa uongo. Hapa mwenye kushindwa amepewa kusema, na kusema sana. Kasoro yake ni kwamba husomwa shuleni kwa ajili ya mtihani tu, kisha hutupwa. Wauigize vijana chini ya mwembe, wazee wakisikiliza, ndipo utakapoishi.

Cha tano ni Peponi, cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2021. Alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akakifasiri kwa Kiswahili mwaka 2022. Kijana Yusuf anatolewa kwao awe malipo ya deni la babaye kwa tajiri amwitaye ami, kisha anafuata msafara wa biashara mpaka bara, karibu na wakati wa vita vya Wadachi na Waingereza. Ni kitabu cha watu wazima. Twakisifu kwa sababu humwonyesha mtumwa wa namna nyingine, asiyefungwa minyororo bali hufungwa kwa deni na kwa mazoea. Yafaa kikisomwa mara baada ya kile cha Mbotela, kimoja kikijibu kingine.

Ikiwa msomaji ana fedha za kitabu kimoja tu, basi anunue cha Kitereza. Kama ni kijana mpenda mapigano na safari, aanze na Wakilindi. Tena si lazima kila mtu anunue peke yake. Watu watano wakichanga, kitabu huzunguka nyumba tano, na jioni mmoja husoma kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma.

Limebaki jambo moja linalotuhuzunisha. Katika vitabu hivi vyote hamna kilichokaa Kilosa wala Mikumi. Treni ya umeme hupita hapa tangu mwaka 2024, na mabasi ya Iringa hupita Mikumi usiku na mchana. Wageni huja kutazama tembo katika mbuga iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1964. Lakini nani amewaandika Wasagara, Wakaguru na Wavidunda waliokaa njiani pa misafara, wakiwauzia wapagazi chakula leo na kukimbilia milimani kesho? Wazee waliosikia habari hizo kwa babu zao wanapungua. Kila mwenye kalamu na aende akawaulize mapema.

Kijana wetu tulimrudishia daftari lake, pamoja na Habari za Wakilindi. Majuma matatu yakapita. Siku moja akatuletea picha: Mbegha, mkuki mkononi, mbwa mbele yake, na nguruwe mkubwa mwenye pembe za ngiri. Tukamwambia nguruwe wa Usambara huenda hakuwa hivyo. Akatujibu kwamba huyo ndiye aliyemwona kando ya barabara pale Mikumi, na mwingine hamjui. Tukamwachia.