Utendi Uliokatwa Herufi

Nimepitia toleo la kidijitali la utendi mmoja wa zamani ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu. Unakili wenyewe ni mzuri: faili la XML linafuata kanuni za TEI, kila kipande kina mizani yake minane, na pe na che hazikuchanganywa na be na jimu. Ila anayefungua ukurasa hayaoni hayo. Faili la mtindo, lile linalogeuza XML kuwa ukurasa wa kusomwa, halikuambiwa kwamba maandishi yanaanzia kulia. Namba za beti zimeruka upande usio wake, na nafasi iliyotiwa baina ya herufi kwa urembo (urembo wa Kilatini huo!) imezitenganisha herufi zinazopaswa kushikana. Mzee aliyesoma chuoni atakimbilia unukuzi wa Kilatini, na mjukuu wake atadhani huo ndio asili.

Dawa si kuchokoa faili la mtindo la TEI lenyewe, maana likija jipya marekebisho yote hupotea. Wahariri waandike faili dogo linaloliita lile kubwa, wabadilishe humo kanuni mbili tatu tu, na la dogo ndilo litakalotawala. Waanze na mwelekeo wa maandishi.