Nani Msimulizi wa Habari? Televisheni na Mazungumzo ya Watazamaji Mjini Lubumbashi

Uhakiki wa Kiswahili cha vyombo vya habari umekuwa, aghalabu, uhakiki wa msomaji wa taarifa. Huyo ndiye anayekaguliwa upatanisho wake wa kisarufi, istilahi zake, matamshi yake na mahali anapovuta pumzi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, walau mjini Lubumbashi, uhakiki wa namna hiyo humshika mtu asiyehusika sana. Anayestahili kuhakikiwa ni mtazamaji ambaye, taarifa ikiisha, huigeuza na kuisimulia upya mbele ya jirani zake, kwa lugha ambayo msomaji wa taarifa hathubutu kuitumia. Wanafunzi wa fasihi simulizi wamezoea kutenganisha fanani na hadhira. Hapa hadhira ndiyo inayogeuka fanani, na kazi yake bado haijapewa jina katika mitaala yetu.

Tuanze na hali ya lugha. Televisheni ya taifa ilianza mwaka 1966, na kwa miaka mingi ilikuwa chombo cha dola peke yake. Waliokuwa watu wazima katika enzi ya Mobutu wanakumbuka jinsi uso wake ulivyokuwa ukitokea mawinguni taarifa ilipoanza. Katiba ya mwaka 2006 inakiweka Kifaransa kuwa lugha rasmi, na inavitaja Kikongo, Lingala, Kiswahili na Ciluba kuwa lugha za taifa. Kwa hiyo mtazamaji wa Katuba, Kenya au Ruashi hupokea habari kwa Kifaransa, au kwa Lingala itokayo Kinshasa, au kwa Kiswahili kinachojitahidi kufanana na cha vitabuni. Hakuna hata kimoja kati ya vitatu hivyo ambacho ni Kiswahili chake cha nyumbani. Ili habari iwe mali yake hana budi kuivusha, na mara nyingi haivushi peke yake, kwani pale ambapo umeme haueleweki, seti moja yenye jenereta hukusanya nyumba kadhaa.

Mikutano ya namna hii si ya Lubumbashi pekee. Zanzibar ina baraza zake, na pale Jaws Corner kahawa, siasa na televisheni hukutana katika pembe moja. Nairobi ina Bunge la Mwananchi katika bustani ya Jeevanjee. Kinshasa, tangu mlango wa vyama vingi ulipofunguliwa kwa hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990, ilipata watu walioitwa kwa Kifaransa «parlementaires debout», yaani wabunge wa kusimama, waliojadili magazeti wakiwa wamesimama mbele ya wauzaji wake, na istilahi hiyo ikaenea hata huku kwetu. Mkutano Mkuu wa Taifa wa miaka 1991 na 1992 uliyatia nguvu mazungumzo hayo, kwa kuwa vikao vyake vilitangazwa na raia wakazoea kusikia wakubwa wakipingana hadharani. Hata hivyo kuna tofauti moja ambayo hairuhusu tulinganishe kwa haraka. Mzee wa baraza la Zanzibar na msomaji wa taarifa wanazungumza lugha moja, hata wakigombana kuhusu maana. Mjini Lubumbashi ugomvi kuhusu maana huanza katika tendo lenyewe la kutafsiri.

Tuchukue mfano, ambao tumeutunga wenyewe kwa ajili ya maelezo. Taarifa inasema: «Serikali imechukua hatua madhubuti ili kukabiliana na tatizo la ukosefu wa umeme mkoani.» Msimulizi wa mtaani anaweza kuileta hivi: «Banasema courant itarudia. Donc tutaona. Mais njo bale bale ba mwaka yenye ilipita.» Msahihishaji wa shule atahesabu makosa: kiambishi ba- badala ya wa-, kirejeshi «yenye», upatanisho wa «mwaka» uliopotea, maneno matatu ya Kifaransa. Atakuwa amehesabu vema na hatakuwa amesoma kitu.

Neno la kwanza, «banasema», lina kazi mbili kwa pamoja. Linatoa habari, na linamwondoa mtoaji katika dhamana yake. Serikali haitajwi. Kiambishi ba- kinabaki bila mwenyewe, na kila mtu aliyekaa pale anajua mwenyewe ni nani. Katika nchi ambayo kutaja jina kuliweza kumpeleka mtu kizuizini, umbo hili la kisarufi lilikuwa kinga. Kisha inakuja «donc». Vincent de Rooij, katika utafiti wake wa mwaka 1996 kuhusu mazungumzo ya Kiswahili cha Shaba na Kifaransa, alionyesha kwamba viunganishi kama hivi havidondoki ovyo kwa sababu ya umaskini wa msamiati. Hujenga mpangilio wa mazungumzo, na ugeni wake wenyewe humwonyesha msikilizaji mahali hoja inapogeuka. Katika mfano wetu «donc» inafunga maneno ya serikali na «mais» inafungua maneno ya mtaa. Kati ya hizo mbili limekaa «tutaona», neno fupi lisiloahidi chochote. Mwisho kabisa linatokea «njo», ambalo ni «ndiyo» ya Kiswahili sanifu iliyofupishwa, likitia mkazo juu ya «bale bale»: ni wale wale. Tangu «banasema» hadi «njo bale bale», watu wasiotajwa wametambulishwa bila kutajwa. Hii ni mbinu ya kifasihi. Tungeikuta katika tenzi tungeiandikia kurasa.

Bila shaka si kila msimulizi anaiweza. Aliye hodari huitoa kwanza habari kwa uaminifu, mara nyingi kwa kuiga sauti ya msomaji, hata jinsi anavyovuta irabu za Kifaransa. Dhihaka huja baadaye, habari ikiwa imekwisha kusimama. Asiye hodari huanza na dhihaka, na wasikilizaji hubaki wakiuliza ni nini hasa kilichosemwa.

Hapa ndipo tunapopaswa kukumbuka kundi la Mufwankolo, kwa sababu watazamaji wa Lubumbashi hawakujifunza ufundi huu katika ombwe. Kundi hilo la maigizo liliwazoesha wenyeji, katika redio na baadaye katika televisheni, kusikia Kiswahili chao wenyewe kikitoka katika chombo cha serikali. Walter Schicho na Mbayabo Ndala walichapisha kitabu juu yake mwaka 1981. Johannes Fabian alitoa kitabu chake mwaka 1990 kuhusu mchezo uliotokana na msemo kwamba madaraka huliwa mazima, ambao waigizaji waliujadili, wakauzoeza na kuurekodi kwa ajili ya televisheni mwaka 1986. Thamani ya kitabu hicho ni kwamba kinatuonyesha mchezo ukizaliwa katika mazungumzo, kabla ya kuwa mchezo. Lakini uzito wake uko upande wa watengenezaji. Waliokaa mbele ya seti siku ulipotangazwa, na waliyoyasema siku iliyofuata kazini na sokoni, wana nafasi ndogo. Hatulaumu, mtafiti mmoja hawezi kuwa katika nyumba zote. Tunasema tu kwamba nusu ya pili ya kazi ilibaki, na sisi wenye mji huu hatujaifanya.

Kuna sababu nyingine, iliyo nzito zaidi, ya kuifanya. Mazungumzo ya watazamaji yasipambwe kana kwamba ni sauti ya haki siku zote. Miaka 1992 na 1993, Gabriel Kyungu wa Kumwanza alipokuwa gavana, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa makundi kutoka Shaba, wengi wakipitia stesheni za reli za Likasi na Kolwezi katika hali ya kutisha. Neno waliloitwa lilikuwa «bilulu», wadudu. Mwanafunzi wa isimu na alitazame vizuri. Kiambishi ba- cha «bantu» na «batoto» kimeondolewa, na mahali pake kimewekwa bi-, kiambishi cha «bintu». Watu wametolewa katika ngeli yao. Neno hilo halikuhitaji kamusi wala televisheni ili kuzunguka. Lilihitaji midomo ya wasimulizi wale wale ambao tumewasifu hivi punde, wenye wepesi ule ule wa kupitisha jambo zima katika kiambishi kimoja. Uhakiki unaoona ustadi katika «bale bale» na kufumba macho mbele ya «bilulu» haufai kuitwa uhakiki.

Siku hizi sehemu kubwa ya mazungumzo haya imehamia katika makundi ya WhatsApp. Kipande cha taarifa hukatwa na kutumwa, kisha hufuatwa na msururu wa ujumbe wa sauti. Tumesikia katika semina zaidi ya moja hoja kwamba sauti za simu si matini, na kwamba mwanafunzi anayetaka kuandika tasnifu juu yake anakwepa maktaba. Hoja hiyo haina uzito. Kanda za Mufwankolo nazo zilikuwa sauti tu kabla mtu hajakaa kuzinakili.

Mashaka yetu ni mengine. Katika ua, msimulizi akikosea hukatizwa papo hapo: «Hapana, hakusema vile.» Ujumbe wa sauti haukatizwi. Husikilizwa hadi mwisho, kisha hutumwa kwa kundi jingine ambalo halikuiona taarifa, na masahihisho, kama yapo, hubaki nyuma katika kundi la kwanza. Stephen Ellis alipoandika mwaka 1989 juu ya redio ya barabarani katika Afrika, aliieleza kama habari zinazopita mdomo kwa mdomo na kuchujwa na wanaozipitisha. Kwenye simu chujio hilo limelegea. Aidha kuna suala la ridhaa. Aliyetamka neno kwa ajili ya jamaa thelathini hakulitamka kwa ajili ya jopo la watahini, na kulificha jina lake hakutoshi katika mji ambamo watu hutambuana kwa sauti. Mwanafunzi aombe ruhusa ya msemaji mwenyewe, hata kama ruhusa hiyo itamnyima mifano iliyo bora kuliko yote.

Nyaraka hizi nazo hazidumu. Vituo vya televisheni vya mji huu vilipenda majina ya Kiswahili, hata pale Kifaransa kilipotawala vipindi vyake: Jua, Nyota, Mapendo. Televisheni ya Lubumbashi Jua, ya Jean-Claude Muyambo, ilifungwa Novemba 2014. Nyota na Mapendo, zilizohusishwa na Moïse Katumbi, zilifungwa Januari 2016, kipindi ambacho wamiliki wa vituo hivyo walikuwa wamejitenga na serikali ya siku hizo. Watazamaji waliendelea kuzungumza, safari hii juu ya kioo kilicho cheusi. Kisha, baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini kote kuanzia mkesha wa mwaka mpya, na haikurejeshwa hadi karibu tarehe 20 Januari 2019. Mawimbi ya idhaa ya RFI nayo yalizimwa. Katika majuma hayo matatu matokeo yalitangazwa, yakapingwa, yakathibitishwa na Mahakama ya Katiba, na habari yote hiyo ilisimuliwa kwa namna ya zamani, uani na barabarani, kwa Kiswahili ambacho hakikupita katika simu yoyote. Waliokuwa na umri wa miaka kumi na minane wakati ule sasa wako katika madarasa yetu ya juu, na bado wanaweza kueleza ni nani aliyesema nini, mbele ya seti ya nani.