Akili Hutangulia Kisu

Fundi wa kerezo la zamani alikata chuma huku akikisikiliza. Gurudumu la mkono likiwa zito, alijua kisu kimezama mno. Chuma kikilia, alirudisha kisu. Mhandisi anayeandika programu za mashine za CNC, yaani zinazoongozwa na kompyuta, hana nafasi hiyo. Huamua yote mapema, mbele ya kompyuta, na mashine hutii bila kuuliza.

Mgeuko huo ulianza katika miaka ya 1940, huko Michigan, Marekani, pale John Parsons alipohitaji vielelezo vya kutengenezea mapanga ya helikopta. Mtu mmoja alisoma namba kwa sauti, wawili wakazungusha magurudumu ya mashine, kila mmoja na mhimili wake. Mwaka 1952 chuo cha MIT kilionyesha mashine iliyojisomea namba yenyewe kwenye utepe uliotobolewa. Wasomaji na wazungushaji wakaondoka. Aliyebaki ni mwenye kupanga.

Na kupanga ndiko kwenye utamu wa kazi hii. Mpe bonge la alumini liwe kifuniko cha pampu. Mgeni atawaza kisu kipite wapi. Mhandisi kwanza huwaza bonge litashikwaje, kwa kuwa uso uliobanwa na jiliwa haukatiki. Upande upi utangulie? Likishageuzwa, litabanwa wapi? Kuta zikipunguzwa mapema mno, zitatetemeka na kubaki na mawimbi. Kona ya ndani yenye nusu kipenyo cha milimita 3 haiingiliki kwa kisu cha kipenyo cha milimita 10. Hata joto lina hesabu yake: mita 1 ya alumini hurefuka takriban mikroni 23 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi, kwa hiyo kipande kilichopimwa kingali moto hudanganya.

Zikifuata amri za kuiongoza mashine, tarakimu moja hutosha kuleta hasara. G00 ni kwenda mbio hewani. G01 ni kwenda kwa mwendo wa kukatia. Ukizibadilisha, kisu hujikita chumani na kuvunjika. Kwenye baadhi ya mashine, amri X10 isiyo na nukta ya desimali husomwa mikroni 10, si milimita 10.

Kwa hiyo siamini kwamba kompyuta imeua ufundi. Fundi wa zamani alipostaafu, aliondoka na mikono yake. Mhandisi huyu akiondoka, maamuzi yake hubaki karakanani, mstari kwa mstari, na kijana wa zamu ya usiku anaweza kuyasoma, kuyahoji na kuyaboresha.