"Ndiyo" na "Yego": Uhakiki wa Kisawe Kisichotosha Katika Mazungumzo ya Kila Siku Kabuga, Kigali

Mwaka 2017 Kiswahili kilipata hadhi ya lugha rasmi nchini Rwanda, sambamba na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mijadala ya utekelezaji huelekea zaidi kwenye walimu, vitabu na vipindi. Makala haya yanahakiki jambo linaloonekana dogo, yaani mazoea ya kumpa mwanafunzi "ndiyo" kama kisawe kamili cha "yego". Yanadai kuwa kisawe hicho huficha kazi mbalimbali za kuafiki, na kwamba ufichaji huo una gharama katika huduma za umma.

Kabuga, iliyo katika Sekta ya Rusororo, Wilaya ya Gasabo, mashariki mwa Jiji la Kigali, ni mahali panapofaa kuipima hoja hii. Barabara ipitayo hapo huelekea Rwamagana na Kayonza, kisha mpaka wa Rusumo, nayo ni njia ya malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam. Kiswahili na Kinyarwanda hukutana hapo penye mzigo, malipo na matibabu, wala si darasani pekee.

Kazi ya kwanza ya kuafiki ni kuitika. Mzungumzaji wa Kiswahili akiitwa jina hasemi "ndiyo". Husema "naam", na kwa desturi ya sehemu nyingi za Tanzania msichana husema "abee" au "labeka". Kinyarwanda nacho kina "karame", itiko la heshima linalomtakia aliyeita maisha marefu. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kabuga tayari anayo tofauti hiyo katika lugha yake. Somo linalompa "ndiyo" peke yake humnyima adabu ambayo angeitambua mara moja.

Kazi ya pili ni kukubali kutenda. Mtu akiombwa apakue mizigo, "haya" au "sawa" hufunga makubaliano vizuri kuliko "ndiyo".

Kazi ya tatu, yenye uzito zaidi, ni kuthibitisha kauli. Neno lenyewe linaonyesha hivyo: "ndiyo" ni "ndi-" ya msisitizo pamoja na "-yo" ya urejeshi, jamaa ya "ndiye", "ndicho" na "ndivyo". Kinachothibitishwa ni maneno yaliyosemwa. Ndiyo maana muuguzi akiuliza, "Hujameza dawa leo?", mgonjwa anayejibu "Ndiyo" kwa kawaida humaanisha kwamba hajameza. Kiingereza huenda kinyume, kwa kuwa jibu lake la kuafiki huthibitisha kwamba tendo limefanyika. Kifaransa kimetenga neno "si" kwa ajili ya kukanusha swali la ukanushi. Katika nchi iliyoamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza, karani aliyezoea mantiki ya lugha hiyo anaweza kuandika kwamba dawa imemezwa. Kosa hilo halitokani na uchache wa msamiati, maana wote wawili wanalijua neno "ndiyo".

Huenda ikadaiwa kuwa wazungumzaji husahihishana papo hapo. Dai hilo lina ukweli katika maongezi ya ana kwa ana, ambapo kiimbo, uso na swali la nyongeza husaidia. Fomu haina kiimbo. Pindi alama ikishawekwa kwenye kisanduku cha "ndiyo", aliyejibu hayupo tena kueleza alithibitisha nini. Vilevile "ndiyo" ya heshima, inayotolewa mbele ya mkubwa baada ya swali "Umeelewa?", huonyesha usikivu bila kuhakikisha uelewa.

Mambo matatu yanafuata. Mtaala ufundishe kuafiki kwa kazi zake, yaani kuitika, kukubali na kuthibitisha, ukianzia tofauti ambazo Kinyarwanda tayari kinazo. Fomu za Kiswahili ziepuke maswali ya ukanushi, na jibu liandikwe pamoja na kitenzi chake: "nimemeza" au "sijameza". Watoa huduma nao wamwombe msikilizaji aeleze alichoelewa, badala ya kutosheka na "ndiyo" yake. Hatua hizi hazihitaji kamusi mpya. Zinahitaji watunga sera wakubali kwamba urasmi wa lugha hupimwa pia kwa usalama wa jibu lake fupi kuliko yote.