Jengo lenye makaratasi yote

Wandugu, kuna neno moja lenye kunichosha kila tukiongea usalama wa hospitali na nyumba za wazee: "Jengo liko sawa na sheria." Mi naona hilo neno halitoshi, na mfano wangu ni L'Isle-Verte, kijiji cha Quebec, Kanada.

Usiku wa 23 Januari 2014, makao ya wazee ya pale yaliungua. Watu 32 walikufa. Angalieni jengo lenyewe: upande mmoja wa 1997, mwingine uliongezwa 2002. Ule mpya ulikuwa na springla, vile vichwa vya darini vyenye kumwaga maji, tena ukuta wa kuzuia moto uliutenga na ule wa zamani. Upande wa zamani haukuwa na springla, na sheria ya wakati ule haikuzidai. Wa zamani uliteketea. Mpya ulibaki umesimama.

Hapo njo ninapogombana na sheria. Ilipima wakaaji kama watu wenye kujitegemea. Lakini mzee anaingia na miguu yake akiwa na miaka 78. Akifika 88 anasukuma kigari cha kutembelea, na faili ya jengo ingali ileile!

Juu ya filamu, watu wengi wanafikiri springla zote zinafunguka pamoja. Hapana. Vichwa vingi viko na kichupa cha kioo chenye kimiminiko ndani. Kwa aina ya kawaida, joto likifika karibu digrii 68 kinapasuka, na ni vile vya karibu na moto tu vinamwaga maji. Hakuna kungoja wazima-moto. Kwa mgonjwa asiyeweza kushuka kitandani, usiku, na muuguzi mmoja kwenye koridori, hizo dakika njo maisha yake.

Mchunguzi Cyrille Delâge alipendekeza springla katika ripoti ya 2015. Quebec ikaweka mwisho 2 Desemba 2020, kisha ikasogeza tarehe. Marekani nayo: wagonjwa 16 walikufa Hartford mwaka 2003 katika nyumba isiyo na springla, sharti kwa nyumba zote za namna ile likaanza kubana 13 Agosti 2013. Miaka kumi.

Wenye nyumba wanasema ni pesa, na hawadanganyi: kupasua dari ya zamani kupitisha mabomba ni ghali. Sawa, ngojeni. Lakini wakati mnangoja, mtu asiyeweza kutembea asilazwe upande usio na springla. Hiyo haiombi bomba hata moja, inaomba kuhamisha vitanda.

Kwetu Kongo, kwenye maji ya bomba yanakatika, springla bila tangi lake na pampu yenye moto wake wa akiba ni pambo la dari. Kwa hiyo ninyi wenzangu mliosoma ujenzi, mkipelekwa kukagua hospitali, ombeni kwanza kuonyeshwa tangi. Cheti mtakisoma baadaye.