Shikamoo ya nini?

Kicheki kina "wewe" mbili: ty kwa mtu wa karibu, vy kwa mkubwa au mgeni. Wahusika wakihama kutoka vy kwenda ty, uhusiano umebadilika. Mtafsiri wetu afanyeje hapo? Kishawishi ni kuandika "ninyi". Hapana bwana! Pale stendi ya Moshi, ukimwita mzee mmoja "ninyi" atageuka nyuma aone umemwona na nani.

Heshima yetu haikai kwenye kiwakilishi. Inakaa kwenye shikamoo, kwenye "mzee" na "mama", kwenye "naomba". Na majina haya yanahama pia. Mangi Meli wa Old Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, alikuwa mtawala. Leo Dar es Salaam "mangi" ni muuza duka wa mtaani, na anaitwa hivyo kwa utani na mazoea.

Basi mtafsiri aache kuhesabu viwakilishi. Mhusika aamkie "shikamoo" kurasa mia, halafu siku moja mwenzake acheke: "Shikamoo ya nini bwana, unanizeesha!" Msomaji wa Kibosho hatahitaji maelezo. Ty imeshafika.