Git Kama Daftari la Mwanafunzi: Uhakiki Mfupi

Wanafunzi wenzangu hushangaa wakiniona ninaandika madondoo ya masomo katika faili za maandishi matupu na kuyatunza kwa Git, programu iliyokusudiwa watunga programu. Katika makala hii ninaihakiki Git kama daftari.

Linus Torvalds aliiunda Git mwaka 2005 ili kusimamia msimbo wa Linux. Asili hiyo ndiyo nguvu yake na ndiyo kasoro yake. Nguvu ni kwamba kila kompyuta hubeba historia nzima ya kazi. Hivyo ninaandika na kurekodi mabadiliko hata intaneti ikikatika. Mtandao nauhitaji tu ninapoisukuma kazi kwenye seva au kuivuta kutoka huko.

Kasoro niliiona muhula uliopita. Nilihariri aya ya tafsiri yangu maktabani, nikasahau kuisukuma. Usiku, hosteli, nikaihariri aya ileile kwenye kompyuta nyingine. Kesho yake Git ilishindwa kuziunganisha, ikapachika alama za mgongano katikati ya maandishi. Sababu ni kwamba Git hulinganisha mstari kwa mstari, nami nilikuwa nimeandika aya nzima kama mstari mmoja. Kwake, aliyebadilisha koma na aliyebadilisha hoja wamefanya jambo moja.

Wenzangu waliniambia, "Ungetumia flashi tu." Sikubaliani nao. Mwaka wa kwanza nilinakili faili la zamani juu ya jipya kwenye flashi. Kompyuta iliniuliza mara moja, nikakubali kwa haraka. Methali za Kiganda nilizoandika kwa kumsikiliza bibi yangu zikafutika, na bibi hayupo tena wa kunirudia. Git ilinisumbua, lakini haikunipotezea neno: matoleo yote mawili yalikuwepo, nikachagua mwenyewe.

Hata hivyo, tusiisifu kupita kiasi. Git haisawazishi faili yenyewe. Asiyerekodi na kusukuma hana nakala kwingine. Sasa ninaandika kila sentensi kwenye mstari wake, ninavuta kabla ya kuanza na kusukuma kabla ya kuondoka.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Git ni daftari zuri, ila halijiandiki.